Kisu Kilichochelewa Kununuliwa

Kama ungepita asubuhi nyumbani kwa yule mama tuliyezoea kumwita Mama Miche, ungesimama kidogo hata kama una haraka zako. Ua wake mzima ulikuwa kitalu. Miche ya parachichi ilipangwa safu kwa safu ndani ya vifuko vyeusi, majani yakiwa bado na matone ya maji, na mwenyewe amekaa kwenye kigoda akiisemesha kama mtu anayewahimiza watoto waliochelewa shule. Mumewe, kinyozi mwenye saluni ng'ambo ya barabara, alikuwa akipiga mluzi mlangoni huku anapiga viatu brashi. Walipendana wale watu, jamani. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mume katili. Hakuwa katili hata kidogo, na ndiyo maana habari hii inaniuma.

Kazi ya Mama Miche ilikuwa kubebesha. Kwa wasiojua, parachichi lililooteshwa kwa kokwa laweza kukua likawa mti mkubwa wa kutisha na bado likazaa matunda yasiyolika. Kwa hiyo mche hukatwa kichwa ukiwa bado mdogo, shina lake likapasuliwa, na ndani ya ule ufa kikachomekwa kikonyo, yaani kijiti kibichi kilichotolewa kwenye mti unaozaa vizuri. Kikonyo huchongwa ncha kama kabari, kikazamishwa, kikafungwa kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, umepata mti wa maana. Visiposhikana, umepata kuni.

Siri yote iko kwenye mkato. Kabari ikichongwa kwa mpigo mmoja ikatoka laini, kijiti na shina hugusana kila mahali na utomvu hupita. Ikichongwa kwa kukwaruzakwaruza, hewa huingia na kikonyo hukauka. Mama Miche alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Watu wazima wenye shughuli zao walikuwa wakija kusimama pale uani, wakamtazama anavyokata, wakaondoka wameridhika kana kwamba wametoka kwenye ngoma.

Basi asubuhi moja alifunua miche aliyokuwa ameibebesha wiki kadhaa nyuma, akakuta safu nzima imenyauka. Akatoa kikonyo kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kabari ilikuwa na mabonde kama kitu kilichotafunwa na panya.

"Kuna nini tena?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Kisu hiki. Kinatafuna, hakikati."

"Si nimekuletea nyembe? Nyembe ninazo tele saluni."

"Wembe unapinda, baba watoto. Ukifika kwenye shina unajiendea unakotaka wenyewe."

"Basi chukua kisu kingine pale sokoni. Visu vimejaa mpaka vinatupwa," alisema, akavaa viatu vyake vinavyong'aa, akaenda kazini.

Na hapa, msomaji, naomba nikunong'oneze jambo. Kinyozi huyu alikuwa na mashine ya kunyolea aliyoiagiza mbali, akaitunza ndani ya kitambaa cha mahameli. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ungemwambia anyolee mashine ya bei poa, angekutazama kana kwamba umemtukania mama yake. "Kichwa cha mtu si uwanja wa majaribio," alipenda kusema. Mtu aliyejua makali kuliko wote mtaani hakuwa na habari kwamba nyumbani kwake kuna mtu mwingine anayeishi kwa makali.

Mama Miche alikwenda kununua utepe kwenye duka la vifaa vya kilimo. Mwenye duka, mwanamke mnene mcheshi, alimwona anavyolikodolea macho kabati la kioo, akamfungulia.

"Hicho shika tu, dada. Kushika hakulipiwi."

Kilikuwa kisu cha kukunja. Mpini wake ulikuwa wa mti mwekundu uliokauka vyema, umepinda kidogo tumboni ili uketi kiganjani, na pande zote mbili umeshikwa kwa shaba. Alipolivuta bapa, yaani ulimi wa chuma wenye makali, lilifunguka bila kukwama, likafika mwisho, komeo likalishika kwa mlio mdogo wa uhakika. Alijaribu kulitikisa. Halikuyumba hata unywele. Lilikuwa limenolewa upande mmoja tu, upande wa pili tambarare kabisa, ili mkato utoke umenyooka. Lo! Kilikuwa kizuri kisu kile, na uzuri wake haukuwa wa nakshi. Kila kilichokuwepo kilikuwa na kazi yake.

Mwenye duka akampa kijiti kutoka kwenye ufagio wa nje. Mama Miche alikata mara moja tu. Kijiti kilifunguka kwa ukimya, na pale kilipokatwa paling'aa kama pamepakwa mafuta.

"Kina nini cha zaidi kushinda vya sokoni?" aliuliza, ingawa mkono wake ulikuwa umeshapata jibu.

"Chuma chake hakichoki haraka. Komeo lake haliachii, kwa hiyo hakikukunjikii mkononi. Ukikipa mafuta na jiwe la kunolea, utamwachia binti yako, naye atamwachia wake."

Kisha akamtajia bei. Mama Miche akakirudisha kisu ndani ya kabati polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu kwa mamaye.

Jioni ile alilitoa jambo mezani. Wifi yake, dada wa kinyozi, alikuwa amekuja kuwasalimu, na alipoisikia ile bei nusura apaliwe.

"Wifi! Kisu? Kisu cha kutia mfukoni? Si bora ununue kitanda!"

"Ni cha kazi, wifi."

"Kwani kinakata chenyewe?" mumewe akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko. "Utakiamuru kutoka kitandani: ewe kisu, nenda kitaluni!"

Mama Miche naye akacheka. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo, kwamba na yeye alicheka. Alipokuwa akiosha vyombo alijiambia kuwa wenzake wana haki, kwamba yeye ni nani hata atembee na kisu cha fahari mfukoni, kwamba kazi yenyewe ni ya uani tu. Fedha ya kile kisu ilikuwepo, tena ilitoka kwenye miche yake mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwambia kuwa kazi yake ni kazi. Akakata shauri kuachana nacho. Kesho yake alikwenda sokoni akanunua kisu kingine cha kukunja, chepesi, chenye mpini wa plastiki na bapa linalocheza kama jino bovu.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimemwagiza miche, na alikuwa amewapa neno lake. Alifanya kazi kutwa nzima, akikandamiza kile kisu kwa nguvu kwa sababu hakikukubali kukata kwa upole. Akafika kwenye shina gumu kidogo. Akakandamiza. Bapa likagoma, likakwama ndani ya mti, na kwa kuwa kisu hakikuwa na komeo, kufumba na kufumbua kikajikunja juu ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, mkono wa riziki.

Sitawaeleza habari za damu. Jirani alimkimbiza zahanati, na kinyozi alifika hapo akiwa bado na koti lake la saluni, nywele za mteja zikiwa zimemganda mikononi. Daktari alimaliza kushona, akawaangalia wote wawili.

"Kidonda kitapona. Ila kano ilikatika. Kama kidole kitakunjika tena, hilo sitawaahidi."

Mama Miche hakulia kwa maumivu. Alilia alipojaribu kufanya ishara ya kushika kisu, kidole kikamkatalia. Kitalu kile ndicho kilichomfanya awe yeye, na pale kwenye benchi la zahanati alidhani kimekwisha.

"Usilie, mama," mumewe alisema. "Miche ya watu nitabebesha mimi. Nimenyoa vichwa vya kila aina, vijiti vitanishinda?"

Vilimshinda. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kigoda kwa madaha, mkewe kando yake na bendeji mkononi. Kikonyo cha kwanza alikivunja. Cha pili alikichonga mpaka kikabaki kama kijiti cha kuchokolea meno. Jasho lilimtoka, na mkewe, pamoja na huzuni yake yote, alilazimika kugeuza uso asionekane anacheka.

"Usikwaruze. Vuta, mpigo mmoja."

"Navuta! Hakiendi!"

Ndipo alipokigeuza kile kisu cha mpini wa plastiki akakitazama kwa jicho la kinyozi. Alipitisha kidole gumba juu ya makali kama afanyavyo saluni. Alilitikisa bapa, likacheza.

"Hiki ndicho ulichokuwa unafanyia kazi?"

"Hicho na ndugu zake."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kinyozi alikiweka chini. "Hiki mimi nisingenyolea hata mbuzi."

"Nilikuambia, baba watoto."

"Uliniambia. Mimi nilisikia kisu tu. Sikusikia kazi." Akautazama ule mkono wenye bendeji. "Nisamehe, mke wangu. Nimekuponza."

Hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja duka la vifaa vya kilimo, akakinunua kile kisu cha mti mwekundu bila kupatana bei, jambo ambalo waliomfahamu walilizungumza mtaani wiki nzima. Akakiweka mapajani mwa mkewe.

Mkewe alisubiri bendeji itoke. Siku ilipotoka, Mama Miche alikifungua na kukishika kwa mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilisimama wima, hakikutaka kuukumbatia mpini, na kisu kikamponyoka. Akajaribu kwa kushoto. Bapa likazama ndani ya mti badala ya kuteleza juu yake. Akajaribu tena, likazama tena. Akaelewa, akakifunga taratibu.

"Kimenolewa upande mmoja," alisema. "Upande wa mkono wa kulia. Kingenifaa sana, baba watoto. Zamani kidogo."

Sijui kama kuna maneno mabaya kuliko hayo kwa mtu anayempenda mkewe.

Kinyozi alirudi dukani. Vya mkono wa kushoto vipo, aliambiwa, ila havikai kabatini, huagizwa, na kuagiza kuna kungoja. Akaagiza. Na katika kungoja huko, ndugu zangu, nilimvulia kofia yule mama. Waliokwenda kumpa pole walimkuta amezungukwa na mirundo ya vijiti, anachonga kwa mkono wa kushoto kwa kisu cha jikoni, anaharibu, anatupa, anachukua kingine. Alikuwa mwanafunzi upya katika kazi aliyokuwa bingwa wake. Wakulima aliwaambia ukweli mtupu: mvua hii mtapata sehemu, iliyobaki ngojeni. Walingoja, maana neno lake walilijua. Ile sehemu ilitoka mikononi mwa mumewe, ambaye kila asubuhi kabla ya kufungua saluni alikaa kigodani na kisu cha mti mwekundu, mkewe akimsimamia bila huruma.

"Hiyo kabari au mkuki?"

"Nisubiri basi."

"Mti hausubiri mtu. Vuta!"

Kisu cha kushoto kilipofika, pacha wa mwenzake kwa kila kitu isipokuwa upande wa makali, Mama Miche alikaa nacho kigodani. Mkato wa kwanza ulikwenda upande. Wa pili ulikuwa afadhali. Akavuta pumzi, akaweka bapa, akavuta mara moja, na kabari ikatoka laini, nyeupe, inang'aa. Akampa mumewe aikague.

"Safi?"

Kinyozi aliigeuza kwenye mwanga, akiitazama kama anavyotazama kazi yake mwenyewe kwenye kioo. "Safi kabisa, fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi. Mama Miche alikizamisha kikonyo, akaanza kuzungusha utepe kwa mikono yote miwili. Kidole chake kisichokunjika kilikuwa kimenyooka, kikimwelekea mumewe kifuani. Hakukusudia. Ndivyo kitakavyokaa siku zote. Kinyozi alikiona, akakaza mkono aushike mche usitikisike.

FUNZO

Nimesimulia habari hii kwa wenye nyumba wote, wake kwa waume. Msiniulize kama kisu cha bei ghali kinafaa kununuliwa, kwa maana jibu haliko kwenye kisu. Kama unakitaka ukining'inize kiunoni rafiki zako wakione, au ufungulie bahasha, achana nacho, cha sokoni kinakutosha na chenji inabaki. Lakini kama kuna mtu nyumbani mwako anayekula na kulisha kwa makali hayo kila siku, basi kifaa bora chenye komeo la kweli si anasa. Ni sehemu ya mkono wake.

Kabla hujacheka bei ya kifaa cha mwenzako, kaa kwenye kigoda chake ufanye kazi yake asubuhi moja. Na wewe unayefanya kazi, usicheke pamoja na wanaoicheka kazi yako. Nyumba ile iliogopa kununua kisu kimoja, ikaishia kununua viwili. Vyote viwili vilipatikana dukani. Kidole hakikupatikana.