Cheche na Viatu Visivyoshika

Kila siku ya mazoezi, masomo yalipokwisha, Cheche hakupita popote. Alivuka uwanja wa shule, akakata kona nyuma ya karakana ya seremala, akaingia kwenye ukumbi wa vijana ambako baiskeli yake ilining'inia ukutani. Ilikuwa baiskeli ya gurudumu moja. Haikuwa na usukani, wala breki, wala gurudumu la pili la kukuokoa ukiyumba. Ilikuwa na kiti, pedali mbili na tairi, basi. Wapita njia waliochungulia dirishani walishika vichwa, lakini Cheche aliiendesha huku akipiga soga. Alikuwa msichana wa darasa la sita asiyejua kutulia, ndiyo maana akapewa jina hilo.

"Nyayo juu!" alipaza sauti Kocha.

Kocha alikuwa mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na hakumruhusu mtoto yeyote kupanda kabla ya kumkagua viatu. Watoto walishika ukuta na kuinua mguu nyuma mmoja mmoja, kama punda wanaotazamwa kwato. Sindano, msichana mwembamba aliyekuwa rafiki mkubwa wa Cheche, alipita bila neno. Alipofika kwa Cheche, Kocha aliguna.

Raba za Cheche zilikuwa zimefungua midomo. Pedali za baiskeli ile zina meno madogo ya chuma ili mguu usiteleze, na meno hayo yalikuwa yameitafuna soli mpaka soksi inaonekana.

"Hizi zimekula chumvi ya kutosha," alisema Kocha. "Leo utatazama wenzako. Tafuta nyingine mapema kabla ya onyesho la mwisho wa muhula. Nataka soli ya mpira, bapa, inayong'ata pedali. Zishonwe imara na zifunike kifundo cha mguu. Na kamba ziwe fupi, zisije zikajisokota kwenye pedali."

Jioni hiyo Cheche alimpigia simu baba yake. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani alionekana kwa nadra.

"Baba, nahitaji viatu vya onyesho."

"Umevipata!" alijibu Baba kwa furaha, na simu ikakatika hapohapo. Cheche hakuwa amesema anataka vya namna gani. Alitazama simu kidogo, kisha akairudisha kwa mama yake.

Baba alirudi siku ya mapumziko, vumbi la njia nzima likiwa bado kwenye nyusi zake. Lori lilikuwa limepelekwa kufanyiwa matengenezo makubwa, kwa hiyo angekaa mpaka mwisho wa muhula, siku ya onyesho lenyewe. Kabla hata ya kunywa maji, alifungua boksi. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vinavyong'aa, vyenye mstari wa dhahabu ubavuni.

"Nilizunguka maduka mpaka wenye maduka wakaanza kunishuku," alisema akicheka. "Nikasema, mwanangu hawezi kupanda jukwaani na kitu cha hovyo."

Mama, ambaye alishona sare za shule pale pale sebuleni, alisimamisha cherehani. Akachukua kiatu kimoja, akakigeuza na kupitisha kidole chini yake.

"Mbona huku chini ni laini kama sahani?"

"Mama watoto nawe! Ni vya onyesho hivyo, si vya kulimia."

Cheche naye alipitisha kidole. Kiliteleza. Akajua papo hapo kwamba havifai. Lakini alipoinua macho alimwona baba yake akimtazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Ni vizuri sana, Baba," alisema. "Ndivyo hasa nilivyotaka."

Siku ya mazoezi, Cheche alijifungia chooni mpaka aliposikia ukaguzi umekwisha. Alipanda akiwa na viatu vyeupe, akazunguka ukumbi polepole, akaanza kujipa moyo. Kwenye kona ya kwanza mguu wa kulia ulitoka kwenye pedali kama sabuni mkononi. Pedali ikazunguka kwa kasi na kumpiga kwenye ugoko. Meno ya chuma yakazama kwenye ngozi.

Maumivu yalimpanda mpaka kichwani. Alishika ukuta, machozi yakimlengalenga.

"Vipi huko?" aliuliza Kocha kutoka upande wa pili.

"Salama, Kocha! Nilikuwa nimezubaa tu."

Akavuta soksi juu ya damu. Nyumbani aliosha kidonda kwa maji ya bomba, akakifunga kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani ya Mama, akavaa suruali ndefu. Siku zilizofuata kidonda kilianza kupata joto. Kilidunda kama kina moyo wake mwenyewe.

"Mbona unatembea kama umekanyaga mwiba?" aliuliza Mama.

"Nilikalia mguu darasani, ukafa ganzi."

Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kirahisi.

Kisha ikaja siku ya mazoezi ya daraja. Hilo ndilo lililokuwa pambo la onyesho zima: mbao mbili nyembamba zilizoinuliwa sambamba kufikia usawa wa magoti, zikiwa na mteremko kila ncha. Cheche alitakiwa kupita juu ya ubao mmoja na Sindano juu ya mwingine, wameshikana mikono. Siku hiyo Baba alikuja kutazama. Alimsaidia Kocha kupanga mbao, wakasalimiana, wakaongea, na muda ukaenda.

"Wote mmekaguliwa viatu?" aliuliza Kocha.

"Ndiyo, Kocha!" waliitikia watoto, na sauti ya Cheche ikawa juu kuliko zote.

Wakapanda. Sindano alimnyooshea mkono.

"Viatu vyako vinalia kwenye pedali," alinong'ona.

"Nyamaza, Baba anatazama."

Walipanda kwenye mbao pamoja. Cheche alikaza tumbo na kutazama mbele, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye mguu wa kulia. Aliuhisi ukihama, kidogo kidogo, kuelekea ukingo wa pedali. Alijaribu kuurudisha. Ukahama tena. Akakaza mkono wa Sindano mpaka Sindano akalalamika. Walipofika katikati, mguu uliondoka.

Badala ya kuachia mkono, Cheche aliung'ang'ania. Walianguka wote wawili. Baiskeli zilipiga sakafu kwa kishindo, na Sindano akatua juu ya kiganja chake na kupiga ukelele uliowasimamisha watoto wote.

Kocha alifika mbio, akapiga magoti.

"Usiuchezeshe mkono! Sindano, uliyumba? Mara ngapi nimesema usimtazame mwenzako, tazama mbele?"

Sindano alikuwa akilia. "Sijui, Kocha. Labda ni mimi. Labda niliyumba."

Cheche alimtazama rafiki yake. Kisha akamtazama Baba, aliyesimama kando ya ukuta, mkono mdomoni. Akisema, Baba atasikia. Asiposema, Sindano atabeba kosa pamoja na mkono wake ulioumia.

"Si yeye," alisema.

"Nini?" Kocha aligeuka.

"Si Sindano. Ni mimi. Viatu vyangu vinateleza. Nilijua tangu nilipovipata." "Na sikukaguliwa. Leo nimedanganya, na siku ile nyingine nilijificha chooni."

Akashusha soksi. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na kidonda, na ngozi pembeni ilikuwa imevimba na kung'aa.

Baba alikuja polepole, akachuchumaa mbele ya binti yake, akamvua kiatu. Akakigeuza na kupitisha dole gumba kwenye soli, huku na huku.

"Hii ni tairi kipara," alisema hatimaye. "Lori langu silitoi getini likiwa na tairi kama hii. Halafu nimemvisha mwanangu."

"Sikutaka uvunjike moyo, Baba," alisema Cheche, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Baba alimbeba mgongoni, Kocha akamshika Sindano, wakaelekea zahanati.

Nesi alianza na Sindano. Alibonyeza kifundo cha mkono taratibu, mfupa kwa mfupa, huku Cheche akiwa amebana pumzi kwenye benchi. Kila Sindano alipokunja uso, Cheche naye alikunja.

"Haujavunjika," alisema nesi. "Umeteguka. Nitaufunga bendeji, na hakuna baiskeli mpaka niseme mimi."

Kisha akageukia ugoko wa Cheche. Alipobandua kile kitambaa, usaha ulitoka.

"Nani alikutibu hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Daktari bingwa!" alisema nesi, lakini hakucheka. "Kidonda hiki kingesafishwa siku ileile, sasa hivi kingekuwa kimekauka. Ungekaa nacho zaidi, sumu ingepanda mguuni na tungekuwa tunaongea mengine. Uma meno, nasafisha."

Cheche aliuma meno. Walipotoka nje, alimsogelea Sindano.

"Umekasirika?"

"Sana," alisema Sindano. "Usiniulize leo. Niulize keshokutwa."

Keshokutwa yake Cheche alimuuliza. Sindano alifikiri, akasema amebakiza hasira kidogo tu, na kwamba ingemwisha haraka zaidi kama Cheche angembebea mkoba wa shule. Akambebea mpaka bendeji ilipofunguliwa.

Kidonda kilipopona, Baba alimpeleka Cheche kwa muuza viatu. Mfukoni alikuwa na pedali aliyoifungua kwenye baiskeli. Alipoitoa, muuza viatu alirudi nyuma.

"Bwana, hiyo silaha ya nini?"

"Huyu ndiye mteja mwenyewe," alisema Baba. "Tunataka kiatu anachokipenda huyu." Akamgeukia Cheche. "Mimi leo sisemi kitu. Utasema wewe."

Cheche alichukua raba zenye soli nene iliyochongwa mabonde kama tairi la trekta. Alidhani hizo ndizo zitashika kuliko zote. Lakini alipoikandamiza pedali kwenye soli, meno yalitumbukia kwenye mabonde mahali pengine na kukosa pa kushika mahali pengine. Tena zilikuwa nene mno. Mguu usingeweza kuihisi pedali. Akazirudisha. Akachukua za bluu, nzuri kupindukia, zenye mpira laini. Alipozikunja, soli ilianza kuachana kwenye ncha. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi tu.

Nyuma kabisa zilikaa raba za rangi ya matope. Soli yake ilikuwa bapa, ya mpira usioteleza, imeshonwa kwa uzi mnene kuizunguka yote, na shingo ilipanda juu ya kifundo cha mguu. Cheche aliikandamiza pedali kwenye soli na kujaribu kuizungusha. Haikusogea. Muuza viatu akajaribu, naye akashindwa.

"Umepata?" aliuliza Baba.

Cheche alisita. Kusema ni rahisi ukiwa peke yako. Mbele ya Baba bado kulimpa shida.

"Hizi ndizo zinazoshika," alisema. "Lakini zinanipwaya. Vidole vinacheza ndani. Na kamba ni ndefu."

"Vizuri," alisema Baba. "Tafadhali, mtafutie ndogo kidogo, na kamba fupi."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kocha alikagua raba za matope, akavuta mshono kwa kucha, akachomeka ncha za kamba ndani, kisha akapita bila neno. Cheche na Sindano walisimama mbele ya mbao.

"Safari hii ukianguka, niachie mkono," alinong'ona Sindano.

"Nitakuachia."

Wakapanda. Katikati ya daraja ubao ulitikisika, na watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Cheche aliyumba kushoto. Bega lake lilienda, kiuno kikaenda, lakini mguu ulibaki umeng'ang'ania pedali. Akausukuma chini, akanyooka, akasonga mbele. Walishuka upande wa pili wakiwa bado wameshikana, na kelele zikaujaza ukumbi.

Baada ya onyesho, Baba aliketi naye kwenye ngazi za nje.

"Nikwambie kitu," alisema. "Ungeniambia siku ileile kwamba viatu havifai, ningenuna mpaka chakula cha jioni, kisha ningecheka. Ulinificha ili nisivunjike moyo, na mwenzako nusura avunjike mkono. Mimi niko mbali siku nyingi, mwanangu. Mguu wako siuoni. Najua tu kile unachoniambia. Kwa hiyo kitu kisipokufaa, sema. Ukiumia, sema siku hiyohiyo, kwangu au kwa mama yako au kwa Kocha. Anayekupenda atautafuta ukweli wako kabla ya tabasamu lako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

"Haya. Kuna jambo lingine hujaniambia?"

Cheche alifikiri kidogo.

"Lipo. Ulivyoshangilia leo, Baba, ulipiga kelele mno. Watu wote waligeuka kukutazama. Niliona aibu."

Baba alimkodolea macho, akafungua mdomo kujitetea, akaufunga. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, na watu waliokuwa wakitoka ukumbini wakageuka tena kumtazama.