Nani Anaiba Maji ya Lazaro?

Nyemo ana kazi kubwa. Analinda beseni.

Ni beseni la maji ya kumwogesha mdogo wake, Lazaro. Kila siku Mama huyaanika juani hadi yapate uvuguvugu.

"Pipa limekauka, mwanangu. Maji ni haya tu," Mama alisema. "Nakuachia wewe."

Nyemo akachukua mkaa. Akachora mstari maji yalipofika.

Jua likawaka. Likawaka kweli kweli!

Nyemo akachungulia. Lo! Maji yameshuka chini ya mstari!

*Hmm! Hapa pana mwizi.*
*Na Nyemo ana macho!*

Kuku akapita. Ko-ko-ko!

"Wewe! Hebu nione mdomo." Mdomo ulikuwa mkavu.

Kaka Chiduo akapita, anapiga mluzi. Fyuu, fyuu!

"Kaka, nionyeshe mikono!"

Mikono ilijaa vumbi tupu. Huyu hajagusa maji tangu asubuhi.

*Hmm! Hapa pana mwizi.*
*Na Nyemo ana macho!*

Nyemo aliogopa. Je, Mama akidhani anayachezea? Je, Lazaro akikosa kuoga?

Basi akafunika beseni kwa nailoni. Akaifunga kamba, kaza, kaza! Akakaa kando. Hata kucheza hakwenda.

Mara akaona matone. Yamening'inia chini ya nailoni. Do! Moja likarudi majini.

"Mama! Mama! Mwizi ni maji yenyewe! Yanatoroka!"

Mama alikuwa anaanika nepi. Akaja, akacheka.

"Jua likiyapasha moto, yanakuwa mvuke. Mvuke huo hatuuoni. Unapanda juu, juu, juu. Huko kuna baridi. Unageuka matone madogo sana. Yakikusanyika, ndiyo wingu."

Nyemo akatazama juu. Palikuwa na wingu moja, nene, limenyamaza.

"Mbona limenyamaza hivyo?" akauliza. "Litarudisha?"

"Likilemewa, litarudisha."

*Hmm!* Nyemo hakuamini.

Mawingu yakaja mengine. Yakawa meusi. Gururu!

Ta. Ta. Ta-ta-ta-ta! Mvua!

Nyemo akafungua nailoni haraka. Beseni likajaa. Mstari wa mkaa ukazama. Pipa nalo likajaa.

"Mama, yetu yalikuwa machache. Haya mengine ni ya nani?"

"Ya bwawani. Ya mtoni. Ya majani. Hata ya nepi za Lazaro."

"Ya nepi?" Nyemo akainama. Akanusa beseni. Nusa, nusa.

Hayakunuka.

"Maji hupanda peke yake," Mama akasema. "Uchafu hubaki."

Jioni Mama akayapasha maji moto jikoni. Lazaro akaoga. Chubwi, chubwi! Akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Umelinda vizuri, mwanangu," Mama akasema. Nyemo akafurahi sana.

Kitandani, Nyemo akachungulia dirishani.

"Wingu," akanong'ona, "nimekusamehe."

Akafumba jicho moja.

"Lakini nakuona."

Kisha akafumba la pili.