Misuli ya Mize

Mize wa Bagamoyo alikuwa hodari wa kutwanga na kuteka maji. Lakini kila alipoanza kazi baada ya kupumzika, mwili wake ulikaza. Ukishapata moto, ulilegea, akafanya kazi bila taabu. Nyumbani walimzoea.

Siku ya posa alimpelekea sinia ya halua Bi Ashatu, shangazi wa mchumba wake Msabaha. Ashatu akaipokea. Vidole vya Mize havikuachia. Huyu avuta, yule avutwa, halua chini!

"Huyu ana jini!" alimaka Ashatu. "Posa tunaisimamisha."

Mize alilia sana, maana alimpenda Msabaha kwelikweli. Mama yake, Fatu, akataka apungwe. Jirani yao Bi Mina, muuguzi, akamzuia.

"Ngoma ya jini itangoja, Fatu. Kwanza hospitali."

Babu yake Mize, Babu Dadi, akawasindikiza. Daktari alimwambia Mize afumbe ngumi, kisha aifumbue. Ilifunguka kwa shida. Akarudia mara kadhaa, ikawa nyepesi.

"Nani mwingine katika ukoo yuko hivi?"

Babu Dadi akakohoa. "Mimi. Mnaniona nakawia msikitini baada ya sala, mnaniita mcha Mungu. Kumbe naisubiri miguu!"

Wote wakaangua kicheko, hata Mize.

Jioni Bi Mina alikwenda kwa kina Msabaha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Jini ametoka?"

"Hakuna jini, na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mtu hurithi misuli kama arithivyo pua. Misuli ya Mize hukawia kulegea. Aanze kazi polepole, ajikinge na baridi. Na akihitaji kupasuliwa, amwambie daktari mapema, kwani baadhi ya dawa za usingizi ni hatari kwake."

"Na watoto wao?"

"Kila mtoto huenda akarithi, huenda asirithi. Atakayekaza aletwe hospitali apimwe, maana yako maradhi ya misuli mabaya zaidi."

Msabaha akadakia, "Shangazi, ukoo wetu tunarithi vipara, na bado wake tunawapata!"

Ashatu alicheka mpaka machozi. Kesho yake akaenda mwenyewe kumwomba Mize radhi.

Wakaoana. Baadaye, kwenye harusi ya wifi yake, Mize aliingia ngomani taratibu, akinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Mwili ulipopata moto, alicheza kwa raha zake. Wa kwanza kwenda kukaa, akihema, alikuwa Shangazi Ashatu.