Gari Lililopakwa Mafuta

Wiki hiyo bomba la mtaani lilikauka Jumatatu, na mpaka Ijumaa lilikuwa halijatoa hata tone. Kila alfajiri Tabea alijifunga shuka juu ya sweta, akachukua ndoo na kuteremka bondeni kwenye chemchemi, huku umande ulioganda ukimuuma miguu. Alipanda tena na ndoo kichwani, akawasha moto, akapika uji, akamwandalia baba yake, akajipaka mafuta usoni asije akapauka, ndipo akakimbia shule. Jioni ilikuwa safari ile ile na moto ule ule, ila uji uligeuka ugali.

Si kwamba Tabea hakuwa na mama. Mama yake alikuwa Ilembula, wiki ya pili sasa, anamuuguza bibi hospitalini. Nyumbani kwao, mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, walibaki wawili tu: Tabea, msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na baba yake, mzee Nathanieli, dereva.

Gari aliloendesha halikuwa lao. Lilikuwa la Bibi Zipora, mkunga mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Bibi Zipora alizalisha nusu ya mtaa lakini usukani hakuujua, kwa hiyo gari lililala bandani kwa kina Tabea, na mzee Nathanieli alimpeleka popote alipotaka. Lilikuwa gari dogo, jeusi, la zamani. Ule weusi ulikuwa mzigo, maana haukuficha kitu. Kuku akipita karibu, vumbi la miguu yake lilionekana mlangoni.

Jumatano Valeriani, mtoto wa Bibi Zipora anayekaa Makambako, alipiga simu. Mzee Nathanieli aliweka sauti ya juu, na Tabea aliyekuwa anamenya viazi alisikia kila neno.

"Mzee, samahani, eti bado unaona vizuri? Mama anasema juzi ulipita nyumba yake, ukaenda kumshusha kwa jirani."

"Ulikuwa ukungu, kijana wangu. Macho yangu mazima."

"Sawa, mzee. Ila ikionekana mambo magumu, tutatafuta dereva kijana. Usije ukachukia."

Simu ilipokatika mzee Nathanieli alikaa muda mrefu anajisugua macho kwa kidole gumba. "Wakinitoa kwenye usukani, nitashika nini?" alisema. "Jembe niliachana nalo zamani. Hata likiniona halinikumbuki."

Tabea aliendelea na viazi vyake.

Ijumaa, aliporudi kutoka shule, alimkuta baba yake amelitoa gari uani. "Kesho saa moja tunampeleka Bibi Zipora Makambako. Valeriani amepata mtoto," alisema. "Na wewe utakuja, ukapumzike na moshi wa jikoni. Lioshe vizuri, mwanangu. Valeriani atasimama getini akague mpaka matairi, namjua mimi."

"Basi liache hapo juani, Baba. Kivulini nitaganda."

"Haya. Ila sabuni isikukaukie."

"Haiwezi kukauka."

Mzee Nathanieli alibeba tairi la akiba begani, akaenda kuziba pancha.

Tabea alikuwa na ndoo mbili za maji, zilizompeleka bondeni mara mbili. Ndoo moja aliitilia sabuni ya unga konzi nzima, akakoroga mpaka povu likafurika. Alipaka povu juu ya paa, akashuka kwenye vioo, boneti, milango, mpaka chini. Alijiambia atasuuza lote kwa mpigo, kuliko kuinuka na kuinama kila mara. Mgongo ulimuuma. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Jua lilikuwa linaupiga ukuta wa nyumba, na ukuta ulikuwa na joto zuri. Aliuegemea, kidogo tu.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi na upepo ulikuwa umelikausha gari kama nguo kwenye kamba. Povu lilikuwa limeacha mistari myeupe kuanzia juu hadi chini. Gari lilifanana na mtoto aliyelia akiwa na vumbi usoni.

Tabea alimwaga ndoo ya pili kwa haraka, akafuta na kitambaa kile kile cha sabuni. Mistari ya kushuka ikageuka mistari ya kuzunguka. Maji yakaisha. Alilitazama bonde, akaitazama ndoo, akaitazama miguu yake, na miguu ikakataa kabisa.

Ndipo akalikumbuka kopo la mafuta ya mgando. Asubuhi uso wake huwa mweupe kwa baridi, anaupaka, unang'aa. Sasa gari nalo si limepauka tu?

Alichota mafuta kwa vidole viwili, akaanza na boneti. Mstari ukapotea. Akapaka mlango, ukang'aa. Akapaka paa, akapaka vioo, na kioo cha mbele akakipaka kidogo kidogo na kukisugua kwa soksi kuukuu mpaka hakikuonyesha alama yoyote. Kopo lilibaki tupu, na gari likawa kama limetoka dukani.

Mzee Nathanieli alirudi giza linaingia, akawasha tochi. "Ehee," alisema, akilizunguka. "Hata magari ya harusi hayang'ai hivi. Valeriani atakosa la kusema."

Tabea alifungua mdomo, akaufunga. Baba yake hakuwa ametabasamu tangu Jumatano. Akamsaidia kulisukuma gari bandani.

Saa moja asubuhi waliondoka. Mzee Nathanieli alishika usukani, Bibi Zipora na Tabea walikaa nyuma, na katikati yao kulikuwa na kapu la zawadi za mzazi. Ukungu ulikuwa mzito mpaka nje ya mji. Walipita misitu ya misonobari na mashamba ya viazi taratibu, na Bibi Zipora akasinzia.

Halafu ukungu ukapasuka, na jua likawajia usoni.

Kioo chote cha mbele kikawa mwanga. Barabara ikapotea ndani ya duara moja kubwa lenye mistari ya upinde wa mvua, kama anayetazama taa huku machozi yamemjaa. Mzee Nathanieli alipunguza mwendo. Alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Akawasha waipa. Mwanga ukazidi kuenea.

"Baba, mbele kuna mtu," alisema Tabea, aliyekuwa anachungulia kwenye kioo cha pembeni.

Breki zikalia. Mwenye baiskeli, aliyebeba magunia mawili ya viazi, alipinda akaingia kwenye majani, akabaki amesimama mguu mmoja mtaroni.

"Mzee, unaendesha umelala?" aliuliza. Hakungoja jibu. Aliikokota baiskeli yake barabarani tena, akaenda zake huku anatikisa kichwa.

Mzee Nathanieli aliegesha gari pembeni, mbele ya nyumba moja ya tofali. Alizima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Mama," alimwambia Bibi Zipora, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, "mpigie Valeriani. Mwambie alete huyo dereva kijana. Macho yangu yameisha. Nimeona mwanga mtupu, sikumwona yule mtu."

"Nathanieli, tulia kwanza."

"Nimetulia, Mama. Nilisema uongo kwenye simu. Wiki nyingi sasa naona ukungu hata pasipo na ukungu. Leo ningeua mtoto wa mtu."

Alichomoa ufunguo, akamnyooshea Bibi Zipora.

Tabea alitazama kupitia kioo cha mbele. Naye aliona duara lile lile. Lilikuwa pale kwenye kioo, wala halikuwa ndani ya macho ya mtu. Akajua. Akajua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, na baba yake atashuka garini leo na asirudi tena kwenye kiti kile.

"Baba, si macho," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Ni mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya mgando. Yale ya usoni. Sabuni ilikauka, nililala. Maji yakaisha, nikalipaka gari lote. Na vioo."

Mzee Nathanieli alishuka, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kiliteleza kama kwenye sufuria ya maandazi. Akakinusa.

"Gari linanukia kama uso wangu asubuhi," alisema polepole.

Mwenye nyumba ya tofali, mama mmoja aliyeitwa Hyasinta, alikuwa ametoka kuona kilichosimamisha gari kwake. "Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," waliitikia. Bibi Zipora aliomba maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, akaeleza kwa nini. Mama Hyasinta aliziba mdomo kwa khanga, lakini mtoto wake Mika, wa miaka kumi hivi, hakuwa na khanga ya kuziba chake.

"Dada, mmelipaka mafuta tu? Na poda je?"

"Mika," mama yake alimwonya.

"Nauliza tu. Na nywele mmelichana?"

Tabea alitamani kuingia chini ya gari. Lakini Bibi Zipora alikwisha kunja mikono ya sweta, kama siku zile za wodini. "Wewe msemaji," alimwambia Mika, "leta ndoo mbili. Nathanieli, lirudishe gari kwenye kivuli cha nyumba. Tabea, njoo hapa. Nitakuonyesha mara moja tu, maana mgongo wangu hauna mara ya pili."

Gari likaingia kivulini. Kulikuwa na baridi, lakini Bibi alisema ndiyo dawa, kwa sababu maji hayakauki kabla hujayafuta. Ndoo moja ikatiwa sabuni, tone tu. Ya pili maji matupu. Tabea alisugua paa kwanza, akalisuuza hapo hapo na kitambaa cha pili, kabla hajagusa kioo. Kisha kioo, akasuuza. Boneti, akasuuza. Kila mara sabuni ilipotaka kukauka, Bibi aligonga boneti kwa kidole: "Usiliache. Kipande kimoja, kimalize."

Mafuta hayakutoka kirahisi. Kioo cha mbele kilioshwa mara tatu, na Mika alirudi kisimani mara tatu, utani wake ukipungua kila safari. Mikono ya Tabea ilikuwa myekundu. Hakuna aliyempokea kitambaa, naye hakuomba.

"Sasa kukausha," Bibi alisema. Alifungua kapu la zawadi, akatoa nepi mbili za pamba, nyeupe, zilizolainika kwa kufuliwa miaka mingi. "Hizi zilimlea Valeriani. Nilikuwa nampelekea mtoto wake. Hakuna kitambaa kinachonyonya maji kama nepi kuukuu. Moja ya kukaushia, nyingine ya kumalizia. Toka juu, shuka chini, usizungushe."

"Bibi, za mtoto?"

"Mtoto ana nyingine kumi. Na baba yake akikagua gari, hatajua limefutwa na nini."

Mzee Nathanieli alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alikaa kwenye kiti chake huku Tabea anafuta kioo kwa nje, akimwonyesha kwa kidole: hapo bado, hapo, juu kidogo. Kioo kikatakata. Walipoligeuza gari kulielekea jua, barabara ilionekana mpaka kilimani.

"Unaona nini kule?" Bibi Zipora alimuuliza.

"Mtu anachimba viazi. Sweta jekundu." Alikodoa. "Au la kahawia. Hapo sina hakika, Mama."

"Basi Jumatatu unakwenda kupima macho. Wakisema miwani, utavaa. Gari ni langu, si la Valeriani. Nitamweleza mimi." Alimrudishia ufunguo, kisha akamgeukia Tabea. Hakupandisha sauti.

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Mimi nimewahi kusinzia nimesimama, kichwa cha mtoto kinakaribia kutoka. Ila ukichoka, unasema. Ungesema jana kwamba sabuni imekauka na maji yamekwisha, leo tungekwenda na gari lenye mistari, na mistari haijawahi kumgonga mtu. Kilichotaka kumgonga mtu leo ni kule kuficha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Samahani. Samahani, Baba."

Mzee Nathanieli alitazama mikono yake. "Wewe uliificha mistari, mimi niliyaficha macho," alisema. "Mwalimu wako wa kuficha ni mimi mwenyewe. Na sikuuliza hata siku moja hayo maji ya nyumbani yanapandaje mlima. Kesho nitateka mimi, mwanangu, mpaka mama yako arudi."

Walimshukuru mama Hyasinta. Mika alisimama kando ya barabara na ndoo zake tupu, akaomba gari lisirudi tena na mafuta, kwa sababu kisima kiko mbali. Tabea alimwahidi.

Kufika karibu na Makambako upepo ulikuwa umeanza, ule wa kule, unaobeba vumbi na kulirusha popote. Vumbi liligonga milango, likateleza, likaenda zake. Tabea hakuliona. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega la Bibi Zipora, mdomo wazi, mikono myekundu mapajani. Mzee Nathanieli alilitazama kila shimo la barabara kutoka mbali, akalikwepa polepole, ili asimwamshe.