Kiti cha Hilda

Ilianza kwa harufu ya peremende. Jumanne moja ya mazoezi ya kikundi cha maigizo, ukumbi wa kanisa pale Skelbeck ulinuka peremende kali, zile nyeupe za wazee, na hakuna aliyekuwa akimumunya kitu.

"Nani anakula bila kukaribisha wenzie?" akatania Clifford, msimamizi wa mchezo.

Watu wakacheka, isipokuwa Avis Thwaite. Peremende zile zilikuwa za Hilda Mott, na Hilda alizikwa mwezi wa pili.

Miaka thelathini na moja Hilda alikaa kitini pembeni, nyuma ya pazia, kitabu cha mchezo mapajani. Mchezaji akisahau maneno yake, yeye humnong'oneza, na mchezaji husema alichoambiwa bila kufikiri, kama mtoto anavyopokea kijiko. Kisha Hilda huandika kwa penseli kando ya neno: *kasaidiwa*. Aliyesaidiwa kuliko wote ni Avis, malkia wa jukwaa, ambaye kumbukumbu ilishaanza kumtoroka. Penseli ile ilimjua, naye aliiogopa. Basi akaenda kwa kamati, akashusha sauti kama mwenye huruma: "Jamani, mwenzetu anakunywa. Peremende zile ni za kuficha harufu ya pombe." Hilda, ambaye hata divai ya kanisani ilimpalia, akaondolewa. Wiki ya tatu moyo wake ukasimama. Kikundi kilituma maua tu.

Mchezo wa mwaka huu ulikuwa wa vichekesho na nyimbo: hoteli ya pwani, bwana harusi mmoja, mabibi harusi watatu, Avis akiwa mmoja wao. Mtu wa kukaa pembeni hakupatikana. Clifford aliweka kitabu kipya juu ya kiti, kwa desturi tu.

Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa, Avis akasahau. Mnong'ono ukamjia: "Yumo kabatini." Akasema. Watu wakaangua kicheko, naye ndipo alipokumbuka kuwa kiti cha pembeni hakina mtu.

Akasahau tena kabla ya wimbo wa harusi, na mnong'ono ukaja karibu zaidi, ukimgusa sikio kwa ubaridi wa peremende, na mdomo wake, uliozoea kupokea bila kuuliza, ukafunguka ukasema kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, "Nilimsingizia," watu wakacheka, akanong'onezwa, "Hakunywa hata tone," akasema, wakacheka hadi kufuta machozi, piano ikazidi kuchangamka, na kila alipouma meno ili anyamaze ndivyo maneno yalivyopenya, mpaka macho yake yakakutana na ya Enid, dada yake Hilda, safu ya tatu, ambaye peke yake hakuwa akicheka.

Wakati wa mapumziko Clifford alimkumbatia. "Mama wee! Umeyatoa wapi yale? Na kesho uyarudie!"

Enid, aliyekuwa akigawa chai kila onyesho, akamwekea kikombe. "Nani amekwambia useme vile?"

"Pembeni," Avis akanong'ona. "Enid, yupo pale. Nakuapia."

"Basi umesemewa tu, kama siku zote."

"Nifanyeje, mwenzangu?"

"Usiniulize mimi maneno. Mimi si Hilda."

Wimbo wa mwisho ukaisha, makofi yakapigwa. Avis akatoka kwenye mstari, akainua mkono. Akasubiri mnong'ono wa pembeni umsaidie. Haukuja. Akasubiri, jasho likimchuruzika chini ya shela la harusi, na mtu mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Hilda Mott hakuwa mlevi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mwanamke mzee. "Nilisema uongo, kwa sababu alijua ninasahau. Mlimwona mlevi kwa ajili yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walitazama mapaja yao. "Pazia!" Clifford akanong'ona. "Pazia, jamani!" Enid akachukua koti lake akatoka, hakugeuka.

Ukumbi ulipobaki mtupu, harufu ilikuwa imeondoka. Avis akaenda pembeni, akafungua kile kitabu kipya ambacho hakuna mkono uliokigusa tangu kiwekwe kitini. Kila ukurasa ulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa Hilda, mdogo, uliolala kushoto: *kasaidiwa, kasaidiwa, kasaidiwa*. Akajifuta uso kwa shela, akafunua ukurasa wa mwisho.

Chini kabisa, maandishi yakiwa bado mapya, palikuwa pameandikwa: *Avis. Kasema mwenyewe.*