Mguu Kando ya Ua

"Usisogee."

"Sijasogea."

"Mguu umesogea, Kemuma. Nimeuona."

"Basi ua ndilo limesogea. Mimi niko palepale."

Salat akainua kichwa kutoka kwenye kamera, akacheka. Walikuwa juu ya vilima vya Manga, mwaka wa arobaini na sita, jua limewaka, na mbele yao kijiua cha zambarau kilichoota chini kabisa, shina halionekani. Salat alikuwa mpiga picha wa mjini Kisii, Msomali aliyetoka Isiolo mwaka uliotangulia. Bwana mmoja wa Kericho alikuwa amemwagiza picha za maua ya porini, kila ua na jina lake la Kigusii. Majina hayo aliyajua Kemuma. Wakazunguka pamoja Keroka, Nyamira, hadi Manga, na kila walipopata ua Kemuma aliweka mkono au mguu wake kando, ili bwana huko Kericho ajue ukubwa wake.

Nawe msomaji usijifanye hujui. Mwanamume na mwanamke wakizunguka vilimani msimu mzima wakiulizana majina ya maua, unadhani wataishia kwenye maua tu?

"Hizo pete za miguuni zinameremeta juani," Salat akasema. "Picha itaharibika. Zivue kidogo."

Kemuma akaitazama miguu yake. Zilikuwa pete za chuma, ebitinge, alizovishwa siku alipoolewa na Mogire. Mogire alikwenda vitani Burma. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi wala habari zake hazikurudi. Na mke wa Kigusii havui pete zile. Akizivua ametangaza kwamba ndoa imekwisha. Salat, masikini, hilo hakulijua. Kwake yalikuwa mapambo tu, kama bangili za dada zake.

"Hazivuliwi," Kemuma akasema.

"Zimebana?"

"Hazijabana."

"Basi shida iko wapi?"

Angeweza kumwambia. Hakumwambia. Alikuwa amechoka kulala peke yake akisikia chuma kikigongana kila akijigeuza. Akaketi, akazivua moja moja, akaziweka majanini. Miguu ikawa myepesi hata akaona haya.

"Sasa piga," akasema. "Upesi."

Salat akapiga. Kisha akaja kuketi karibu yake, akanong'ona kana kwamba kile kilima kina masikio.

"Twende Nairobi, Kemuma. Nikuoe. Bonareri nitamlea kama mtoto wangu."

"Bonareri hatoki. Ng'ombe wa mahari walilipwa, mtoto ni wa ukoo wa Mogire. Nikiondoka, naondoka peke yangu."

"Nitaongea na wazee."

"Utawaambia nini? Kwamba Mogire amekufa? Mama yake bado anamwekea chakula."

"Na wewe waamini yu hai?"

"Mimi najua nina mtoto, na usiku hushika nguo yangu ndipo alale."

"Nipe jibu, basi."

"Usiniulize leo, Salat." Alikuwa tayari anavaa pete zake. "Leo nitakubali."

Picha ile iliposafishwa ilitoka vizuri kuliko zote. Ubaya ni mmoja. Hata Kemuma hakulijua jina la ua lile. Basi siku ya soko Salat akaichukua, akaenda nayo Keroka, akawa anawapitia wauza ndizi na wauza mboga mmoja mmoja akiuliza. Furaha ya kazi yake ilimfumba macho kabisa. Hivyo ndivyo alivyofika mbele ya Onchiri, ndugu yake Mogire.

"Ndugu yangu, ua hili unalijua?"

Onchiri akaishika picha, akaitazama, akaitazama tena. Mguu ule ulikuwa hauna kidole cha mwisho. Jembe lilikikata, na kule nyumbani kwao hakuna asiyejua.

"Ua silijui," akasema. "Mguu ndio ninaoujua."

Salat akatabasamu, hajaelewa.

"Pete zake ziko wapi?" Onchiri akauliza.

"Pete?"

Onchiri akaitia picha mfukoni mwa koti. "Jioni hii wazee watakaa," akasema, akaziacha ndizi zake palepale.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga za chinsaga alisikia yote. Akamvuta Salat mkono.

"Mwanangu, umemvunjia mtu nyumba. Mke akivua zile ameiacha ndoa. Watamfukuza, na mtoto watabaki naye."

Salat akauliza upesi, "Hakuna njia nyingine?"

"Kama alivuliwa kwa nguvu, yeye hana hatia. Hatia ni ya aliyemvua." Akamtazama usoni. "Lakini huyo mtu, asikanyage huku tena maisha yake."

Jioni wazee walikuwa wamekaa nyumbani kwa Mogire. Kemuma alisimama katikati. Bonareri alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, Nyanchera, amekumbatiwa kabisa.

"Umemzika mwanangu," Nyanchera akasema. "Hata kaburi hana, na wewe umemzika."

"Mama, nisikilize."

"Watu walisema utaondoka, nikawakatalia wote. Nikasema huyu anamngoja mwanangu kama mimi."

Mzee Ombui akainua picha. "Huu ni mguu wako?"

"Ni wangu."

"Nani alizivua pete?"

Kemuma akafungua mdomo. Uongo haukumjia, na ukweli ungemwondolea mtoto. Akamtazama Bonareri, na Bonareri akamnyooshea mikono.

"Ni mimi."

Watu wakageuka. Salat alikuwa mlangoni mwa boma, vumbi hadi magotini, kamera begani.

"Alikataa," Salat akasema. "Aliniambia hazivuliwi. Nikamshika, nikazivua mwenyewe."

"Kwa sababu gani?"

"Zilikuwa zinaniharibia picha."

Mguno ukapita pale. Onchiri akainuka, Ombui akamrudisha kwa mkono.

"Mke wa Mogire, ni kweli?"

Kemuma alikuwa anamtazama Salat, anamwomba kwa macho asifanye hivyo.

"Waambie," Salat akasema, sauti imekauka. "Waambie nilivyokutenda."

Jamani, kuna mambo mwanamke hapaswi kutakiwa kuyasema. Lakini mtoto wake alikuwa pale.

"Ni kweli," Kemuma akasema. "Nilikataa. Alinishika kwa nguvu."

"Kuna mapenzi kati yenu?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Mtu huyu simpendi. Sitaki kumwona tena."

Salat akainamisha kichwa. Maneno hayo aliyatafuta mwenyewe, na bado yalimchoma moyoni. Onchiri akampiga kofi, akaivuta ile kamera, akaipasua juu ya jiwe. Salat hakuinua mkono.

"Toka," Ombui akamwambia. "Ukionekana tena upande huu, damu yako haitauliziwa."

"Nimesikia, mzee."

Akaenda. Hakugeuka nyuma, maana angegeuka uongo wote ungeonekana usoni pake. Bonareri akaachiliwa, akakimbia hadi kwa mama yake. Kemuma akambeba, akauficha uso kwenye shingo ya mtoto hadi wazee wakatawanyika, kisha akainua macho, akaitazama njia aliyopita Salat.

Baadaye, wakiwa wawili jikoni, Nyanchera alikuwa anasonga ugali. Akasema bila kuinua macho:

"Hakukushika kwa nguvu."

Kemuma akayaweka chini maji aliyoyashika.

"Mwanamke aliyeonewa hatazami njia vile. Mimi nimekuwa mwanamke tangu zamani."

"Kwa nini hukusema mbele ya wazee?"

"Ningesema, ungeondoka." Mwiko ukasimama chunguni. "Onchiri ana nyumba yake na mke wake. Mogire ningemngoja na nani?"

"Mama, Mogire harudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, mwanangu. Lakini peke yangu siwezi."

Hapo Kemuma akaketi chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa mbele ya watu. Nyanchera akaacha ugali uungue, akaketi naye, akamshika, naye akaanza kulia. Bonareri akaja mbio kutoka nje, akasimama mlangoni akiwaangalia.

"Bibi, nani amekufa?" akauliza.