Nakala ya Kilimatinde

Jumamosi, saa kumi jioni.

Stefano aliweka kidole juu ya gunia la mashudu. Gunia ndilo lililokuwa ramani.

"Hapa geti. Hapa jiko. Boksi liko wapi?"

"Koridoni, juu ya kabati," Gaspari alisema. "Jeusi. Dogo tu, la ukubwa wa mkate."

Walikuwa wanne kwenye stoo nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, pale mtaa wa Utemini. Stefano ndiye mkubwa, mtu wa maneno machache na ahadi nyingi. Calist alikuwa dereva wa gari lao, Noah. Moses, mdogo kuliko wote, alikaa mlangoni akijing'ata kucha. Na Gaspari, kaka yake Moses wa damu, fundi wa mitandao na kamera, hakuwahi kuiba hata yai. Lakini undugu ukikuita hauulizi kazi yako.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, Stefano na Moses walivamia ghala la mnunuzi wa alizeti. Mlinzi, mzee Alphonce, akamvuta Moses kofia ya kuficha uso ikatoka. Nondo ikashuka. Mzee hakuamka tena. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya Mama Ritha, na getini kwake kuna kamera. Aliyeifunga ni Gaspari.

Kila ilichoona, kamera ilikipeleka kwenye lile boksi. Ila boksi halikuwekwa kwa ajili ya wezi. Mama Ritha alizika binti yake wa pekee mwaka jana, mwimbaji wa kwaya, na nyimbo za binti zilikuwa ndani ya simu moja chakavu iliyokuwa ikizimika kila mara. Akamwita Gaspari. "Mwanangu, niwekee sauti ya Ritha mahali ambapo simu ikifa, yeye asife nayo." Gaspari akafunga boksi lenye diski mbili, akaliunganisha na ruta, na tangu siku hiyo simu zote za nyumba ile zikawa zinamimina picha na nyimbo humo zenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. Nywila alimwacha mama aiweke mwenyewe. Yeye aligeukia ukutani mpaka akamaliza.

Na kwa kuwa fundi mzuri haiamini nyumba moja, alifunga boksi la pili Kilimatinde, kwa mdogo wake Mama Ritha. Kila mchana la Utemini lilituma nakala kwa la Kilimatinde. Hata mtu akifuta huku, kule ya zamani inabaki.

La Kilimatinde hakulitaja pale stooni.

Alhamisi Mama Ritha alikuwa amempigia simu. Polisi wanazitaka picha za kamera, Jumatatu aje awasaidie kuzitoa. Gaspari, ambaye Moses alishamweleza kwamba alikuwepo ghalani, akamwambia akimbie. Moses, badala ya kukimbia, akamwambia Stefano. Ndiyo maana walikuwa hapo.

"Uso ulioonekana ni wa dogo peke yake," Stefano alisema. "Mimi nilijifunika. Hili dili nalifanya kumwokoa yeye, tuelewane."

"Mimi sikumpiga yule mzee," Moses alisema. "Kaka, nakwambia kweli. Sikumpiga."

"Wote husema hivyo," Gaspari akamjibu.

Moses akainamisha kichwa. Hakulisema tena. Laiti kaka mtu angenyamaza dakika ile, laiti angeuliza swali moja tu!

Hesabu ya Gaspari ilikuwa nyepesi. Boksi lipotee Jumapili. Kabla polisi hawajaikumbuka Kilimatinde, Moses atakuwa amepanda treni Manyoni, yuko njiani Kigoma. Kwenda kuliharibu na lile la pili kungekuwa kumzikisha mama yule mtoto mara mbili, na moyo wake ulikataa. Alitaka kuokoa ndugu yake na sauti ya binti wa mwenzake kwa mkono mmoja. Mshika mawili, wahenga walishasema, moja humponyoka.

Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi.

Kengele ya misa ilishalia. Mtaa mtupu. Calist alibaki kwenye Noah, injini inanguruma. Watatu waliruka ukuta wa nyuma, nyuso zimefunikwa, mikononi glovu. Gaspari alijua kitasa cha mlango wa jikoni kinavyolegea. Sekunde chache, wamo ndani.

Koridoni, kitini kando ya kabati, alikuwa ameketi bibi yake Ritha.

Hakutakiwa kuwepo. Kila Jumapili alikwenda kanisani na wenzake, ila leo miguu ilimvimba. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, miaka sasa. Aligeuza kichwa kufuata kishindo.

Kuna vitu mwili hufanya kabla ya akili. Gaspari, mwenye kofia ya jambazi mpaka kidevuni, aliinama kidogo akasema:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Gaspari. Leo hukwenda kusali?"

Stefano aliganda. Kisha akamtazama Gaspari kwa jicho ambalo usingependa likuangalie.

"Nimekuja kulitazama boksi, bibi," Gaspari alisema.

"Na wenzako? Karibuni. Chai iko kwenye chupa." Bibi akapapasa fimbo yake. "Lichukueni, ila jioni liwe limerudi. Jioni lazima nimsikilize Ritha, la sivyo usingizi hauji. Ah, najihangaisha bure. Si ulituambia hata hili likiungua, kila kitu kiko Kilimatinde?"

Mkono wa Stefano ukaingia ndani ya koti. Ukatoka na bastola. Moses alikuwa mwepesi zaidi. Alisimama kati ya bastola na kiti cha bibi, kifua mbele.

"Huyu hapana," alinong'ona. "Huyu, Stefano, utaanza na mimi."

"Huyo mwingine ni nani?" bibi akauliza.

Moses angeweza kunyamaza. Mwizi mwenye akili angenyamaza. Lakini kijana yule alikuwa amechoka kujificha, nadhani, akajibu kama alivyolelewa.

"Naitwa Moses, bibi. Mdogo wake Gaspari. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una sauti nzuri. Ungeimba."

Stefano akairudisha bastola kotini. Gaspari alichomoa nyaya, akakumbatia boksi. Walitoka kwa mlango walioingilia. Bibi aliwaaga.

Saa nne na nusu.

Noah ilikuwa inakula lami kuelekea Manyoni. Stefano mbele, ndugu wawili nyuma.

"Kilimatinde ulinificha," Stefano alisema bila kugeuka.

"Tungechelewa tu. Niliona bora dogo aondoke."

"Ulinificha. Sasa dogo akikamatwa, atanitaja."

Moses alimgusa kaka yake goti, kama walivyofanya utotoni baba akiwa amekasirika. Redio ilikuwa na kwaya ya Jumapili.

Baada ya kijiji cha Issuna, Calist alipunguza mwendo bila kuambiwa, akaegesha pembeni ya shamba la alizeti zilizokauka. Inaonekana jambo lilishapangwa kwa macho. Stefano alishuka, akafungua mlango wa upande wa Moses.

"Dogo, njoo tuongee."

"Tuongelee hapa," Gaspari akasema.

"Ni maneno mawili tu."

Moses alimtazama kaka yake. Akashuka. Gaspari alipotaka kumfuata, milango ilijifunga, *kla*, na Calist akaongeza sauti ya redio.

"Fungua, Calist!"

"Tulia, kaka."

"Fungua! Mdogo wangu yule!"

Mlio ulikuja katikati ya kiitikio. Mmoja. Ndege waliokuwa wanadonoa alizeti waliruka wote. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Moses hakufika hata ishirini.

Calist alikuwa analia. Dereva mzima, mikono kwenye usukani, machozi mpaka kidevuni. Akafungua kufuli.

"Amesema wewe ni wa pili. Kimbia. Rudi Issuna, kwenye watu."

Gaspari alikimbia na boksi kifuani. Risasi moja ilipita mbali. Alipofika sokoni, kati ya meza za nyanya na mafungu ya viazi, aliketi chini na kusema kwa sauti kubwa kwamba ameua ndugu yake, aitiwe polisi. Watu walidhani ana wazimu. Mama mmoja alimpa maji.

Stefano na Calist walinaswa kwenye kizuizi kabla ya Manyoni, saa sita haijafika.

Jumatatu, saa nane mchana.

Mama Ritha alifika kituoni kama alivyoahidi. Boksi lilikuwa mezani. Alimwangalia Gaspari mwenye pingu kwa muda mrefu. Ungetegemea amtukane.

"Umekula?" akamuuliza.

Mpelelezi aliulizia fundi aliyetakiwa kuja. Mama akamwonyesha Gaspari kwa kidevu. Basi Gaspari akaifanya kazi ile aliyoitiwa tangu Alhamisi, na pingu zake. Mama aliandika nywila. Gaspari aligeukia ukutani mpaka akamaliza.

Picha zikatokea, hazina sauti. Ghala. Mzee Alphonce akivuta kofia. Uso wa Moses, wazi, chini ya taa ya ng'ambo. Nondo ikiinuka, na iliyoishika ni mikono ya Stefano. Halafu Moses ananing'inia kwenye mkono ule kwa mikono yake yote miwili, anaburuzwa, anatupwa chini, anainuka, anaung'ang'ania tena. Hadi ngumi inampata. Hadi nondo inashuka.

Mpelelezi alirudisha nyuma, akaangalia tena.

"Huyu angekuwa shahidi wetu," alisema, na pengine hakujua amesema nini.

Gaspari aliweka paji la uso juu ya meza. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na hakuna askari aliyemwambia anyamaze.

Jioni alikuja mama yao, Marietha, kanga mbili, macho makavu. Mazishi ni kesho. Alitaka picha ya kuweka juu ya jeneza, maana tangu ajiunge na wale watu Moses hakukubali kupigwa hata moja. Gaspari akaomba ruhusa. Aliisimamisha video kwenye uso ule, akaukata ukabaki peke yake, bila nondo, bila mzee. Mama Ritha akaenda kuichapisha mjini mwenyewe, akarudi nayo.

Marietha aliishika karibu na dirisha.

"Mdomo uko wazi. Hapa alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema acha, mama."

"Alikwambia?"

"Aliniambia," Gaspari alisema. "Sikumwamini."